Piga Hodi Kwako

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi kule Haneti, mchana wa vimbunga vya vumbi, bibi yako aliposimama mlangoni kwake mwenyewe akakataa kuingia. Mwanangu, mengi nimeyasahau, lakini ule mchana nikiukumbuka mwili bado unanisisimka.

Wewe bibi yako hukumkuta, kwa hiyo nianze na tabia yake. Mama mkwe wangu yule alikuwa akipiga hodi nyumbani kwake. Naam, nyumba tupu! Akitoka shamba, jembe begani, anasimama nje ya tembe, anaita "Hodi," anatulia kidogo, halafu anasema "Ahsante, Baba," ndipo anainama kuingia. Nilipoolewa pale nilidhani kachanganyikiwa. Siku moja nikamuuliza, akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini anakula.

"Mkwe wangu, si tunaimba kanisani kwamba Mungu ni mfalme? Sasa mfalme akikupa pa kulala, utaingia mabega juu? Mwenye nyumba ni yeye."

Nikacheka. Nilikuwa binti mbichi, na ilikuwa miaka ya ruksa: maduka yamejaa sabuni, mitumba imefika hadi vijijini, kila mtu anataka biashara yake. Baba yako naye akanunua mashine ya kusaga, kuukuu, akahangaika na mafundi wa Kizota, kule mjini, mpaka ikanguruma. Wateja hawakuja. Walikwenda kwa jirani mwenye mashine mpya. Baba yako akawa anakaa mlangoni pa mashine, mikono mapajani.

Halafu ghafla wakaja. Foleni! Nikamshukuru Mungu, lakini nyumbani mambo hayakuwa sawa. Kuku aliyekuwa akiatamia nyuma ya mlango aliyaacha mayai yake, akahamia kichakani. Na kaka yako Elia, mtoto mchanga, kitovu kimedondoka juzi tu, akaacha kulia. Usidhani ni upole huo. Ana njaa, halii; amelowa, halii. Ananyonya kidogo, kisha anageuza shingo kutazama mlangoni, macho yanamfuata mtu nisiyemwona. Akawa anakonda. Zahanati walimpima, hawakuona ugonjwa. Niliogopa kwamba nitamzika, mwanangu, na sikuwa na wa kumwambia.

Bibi yako siku hizo alikuwa Kongwa akimuuguza dada yake. Akarudi mchana ule. Baba yako alikuwa amembebea mzigo, mimi nyuma yao na Elia mgongoni.

"Hodi," akasema bibi. Akatulia kama kawaida yake. Nikaona mgongo wake unakakamaa. Akarudi nyuma, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kwenye jua lile.

"Kuna aliyeniitikia humo ndani," akasema taratibu. "Si mwenye nyumba."

Kimbunga kidogo kilikuwa kinakuja uani, kimeinua majani na vumbi. Kikafika kizingitini, kikafa hapo hapo. Bibi akaketi chini, vumbini, bila kumtazama mwanawe.

"Mwanangu, umemkaribisha nani?"

Baba yako akajaribu kucheka. Kicheko kikamkaukia. Wahenga wamesema mficha uchi hazai, na mwisho alichukua jembe akachimba chini ya kizingiti. Ikatoka pembe ya mbuzi, imefungwa kitambaa cheusi. Akakiri kwamba alikwenda kwa mganga, akaambiwa atakayekaa pale mlangoni atamwitia wateja. Bibi akaifungua. Ndani, katikati ya majivu, kilikuwamo kitovu cha Elia, kile nilichokiviringisha kwenye kitambaa, kikapotea, nikakitafuta hadi nikachoka.

"Umemtoa mwanangu kafara?" nilipiga kelele. "Umemtoa mwanangu kwa ajili ya unga?"

"Nilitaka wateja, Mama Elia. Wateja tu." Akalia, mwanaume mzima, mwanakwaya.

Bibi hakumtukana. "Jumapili unamwimbia Mfalme, Jumatatu unamweka mwingine mlangoni pake. Njia mbili zilimshinda fisi, wewe utaziweza?" Pembe ikachomwa. Kitovu alikiosha, akakizika mwenyewe kwa sala. Kisha akamwambia mwanawe, "Haya. Sasa piga hodi wewe."

Baba yako akasimama, mikono imejaa udongo. "Hodi," akasema. Tukangoja. Hapakuwa na upepo, hapakuwa na ndege. Ndipo mgongoni kwangu Elia akalia. Akalia kwa nguvu zake zote, kama siku aliyozaliwa.

"Ahsante, Baba," akasema bibi yako. Akainama, akaingia.

Mashine ile haikututajirisha, lakini ilitulisha. Na Elia ndiye huyo anayepiga hodi ofisini kwake kila asubuhi, wenzake wakimcheka. Waache wacheke, hawajui alichokuwa akikitazama mlangoni alipokuwa mchanga.

Kesho unafungua duka lako, mwanangu. Kumheshimu Mungu kama mfalme si kupaza sauti Jumapili peke yake. Ni kukumbuka Jumatatu kwamba mlango si wako. Kabla hujaingia, uliza. Kabla hujamkaribisha mtu au jambo, uliza. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wapo wageni ambao wakiingia mwenyeji haponi. Na siku moyo wako ukikataa kuvuka kizingiti, usijilazimishe. Keti nje, hata vumbini, ujiulize umefukia nini hapo.

Haya, nenda. Mikono yako isikose kazi, watoto wako walie kwa afya, na Mwenye nyumba akukaribishe kwako.