Waliokuja Kupunga Mwaka wa Ndiga

Mwaka ule tulikula ndiga. Waliosoma huitaja miaka kwa tarakimu. Sie watu wa Kimbiji tuliitaja kwa kilichoingia tumboni. Kulikuwa na mwaka wa mpunga, mwaka wa makopa, mwaka wa kokwa za maembe, na huo wa ndiga, ambao ukimtajia mtu wa rika langu atageuza uso pembeni. Vita vya Hitila vilikuwa vimekwisha karibuni. Mvua zilikosekana, mihogo ikakauka ardhini ikawa kuni, na mchele wa dukani ukawa kama Makka: upo, lakini waendao ni wachache. Basi mama zetu waliingia msituni na majembe kuchimba ndiga. Hicho ni kiazi cha porini, na asiyekijua amshukuru Mungu, maana kina sumu. Unakimenya, unakikata vipande vyembamba, unavitia kwenye tenga na kulilaza tenga katika maji yanayotembea. Maji yanatembea, sumu inatembea nayo mpaka baharini, na wewe unakaa na njaa yako unangoja. Kila asubuhi unaonja kwa ncha ya ulimi. Ukiwashwa, unarudisha majini. Harufu ya ndiga zilizolowa ni ya nguo mbichi iliyosahauliwa ndani ya mtungi. Hadi leo, hapa Mbagala, mjukuu akisahau nguo kwenye beseni mie natoka nje na kiti changu, na hawajui kwa nini.

Nimesema maji yanayotembea, na hilo ndilo la kushika. Kisima chetu kilikuwa na maji ya chumvichumvi, na mwaka ule yalichotwa kwa kifuu, nusu tope. Maji ya kutembea yalikuwa mahali pamoja tu. Kijito kilitoka ndani ya msitu, kikateremka juu ya mawe, kikatanda kidogo chini ya miti na kufanya kibwawa, kisha kikakata mchanga na kuingia baharini, mkabala na kisiwa kidogo kilichokuwa mbele ya kijiji. Matenga yote ya ndiga yalilazwa pale, kila mama na jiwe lake la kukandamizia. Mama yangu lake lilikuwa la juu kabisa, penye maji ya kasi, maana yeye aliamka kabla ya wenzake. Baba alikuwa katani, kwenye mashamba ya mkonge, na habari zake tulizipata kama tunavyopata habari za mwezi. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Zena, mtoto mwenye meno ya mbele yaliyotoka na mdomo usiojua kupumzika.

Ndipo akaja yule mpishi. Alikuja na lori lililobeba mahema, viti vya turubai na masanduku, akamwagwa pale pwani na mizigo yake. Jina lake Petro, mtu wa bara, Kiswahili chake alikiokota jeshini. Akawasalimia wazee vizuri, kisha akasema, nami nilikuwa nimeshika kanga ya mama nikasikia kwa masikio yangu haya: "Wazungu wangu wanakuja kupunga pepo. Wanataka hapa pwani na ule mto. Tafadhali msiwasumbue." Wazee wakatazamana. Kwetu pepo si maneno ya mchezo. Pepo humkalia mtu, akamtia ugonjwa, na kumpunga ni kumtoa kwa ngoma, mafusho na kuogeshwa. Bingwa wa kazi hiyo kijijini alikuwa mamkubwa, dada yake mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufukuza kunguru. Akauliza kama bingwa anavyouliza: "Pepo wao wa wapi, baba? Wa bara au wa baharini?" Petro akacheka, akaelekeza kidole majini. "Wa baharini, mama! Wa baharini ndio mzuri." Mamkubwa akatikisa kichwa kwa huruma. "Masikini. Wamepatwa. Na watakaa sana?" "Mpaka uchovu uwatoke." "Haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Jioni ile ile mamkubwa alipita nyumba kwa nyumba. Penye kilinge, pale anapopungwa mtu, alisema, asiye mgonjwa hapiti, na maji anayoogea mtu wa pepo hayaguswi. Pepo akitoka kwa mmoja anatafuta pa kukaa, na ukijiweka karibu umejitengeneza kiti. Hiyo ni adabu, na adabu tulikuwa nayo hata tulipokosa chakula. Kesho yake akina mama wakaenda kutoa matenga yao kijitoni, maji yakichuruzika miguuni mwao. Hakuna aliyewafukuza. Mkae mkijua hilo, maana wajukuu zangu wanapenda kusikia kwamba Mzungu alikuja na bunduki. Hakuja na bunduki. Mama zetu walipisha wenyewe, kwa heshima.

Wakaja Wazungu wenyewe, wanaume na wanawake, na mimi na Zena tukajificha nyuma ya miti ya mikadi kutazama pepo anavyopungwa kizungu. Wallahi, kila walichofanya kilimpa mamkubwa haki. Asubuhi walivaa vinguo vidogo wakaenda baharini wakipiga mayowe, wakazama, wakaibuka, wakatema maji. Wakalala mchangani kifudifudi kama samaki wa ng'onda, wakageuzwa upande wa pili walipoiva. Wakapelekwa kisiwani kwa ngalawa, wakarudi na makombe matupu yasiyo na nyama ndani, wakayapanga na kuyatazama kwa mapenzi. Wakaingia msituni na darubini, wakasimama saa nzima kumwangalia ndege, wasimtupie hata jiwe. Mchana walikaa ndani ya kibwawa chetu, maji mpaka shingoni, wakinywa vitu vya chupa. Alasiri santuri ikalia, wakashikana viuno wakazunguka mpaka mwanamke mmoja akaanguka akicheka. "Amepanda," Zena akaninong'oneza, akijifanya mtaalamu. "Sasa watamwuliza jina." Halafu tukaona lililotumaliza. Kila walipotoka majini Petro aliwaletea sinia lenye chai na biskuti. Tulijua kwamba pepo anapokuja huulizwa anataka nini, na anachotaja hupewa, kiwe jogoo mweupe, halua au marashi. Zena akameza mate. "Dada Mwanaidi, hata mie nina pepo. Wa kizungu. Anataka biskuti." Nikamwambia pepo gani atapanda mbavu zile, atateleza. Tukacheka mpaka tukaziba midomo kwa mikono.

Nyumbani hapakuwa na kicheko. Tenga letu lilikaa mlangoni, linanuka. Mama akamwendea dada yake, nami nikafuata nyuma. "Dada, ndiga zangu bado zinawasha. Nipe ruhusa nizilaze kijitoni usiku, nizitoe alfajiri."

"Usiku ndio wenyewe pepo wanatembea. Zitie mtungini, uwe unabadilisha maji."

"Maji ya kisima hayatembei, dada. Hayo hata kubadilisha hayapo."

"Na pepo akimkalia mwanao? Utakuja kulia mlango wa nani?"

Dada mkubwa ni mama wa pili, na mama yangu hakulelewa kujibu. Akazitia mtungini. Akabadilisha maji kwa kadiri kisima kilivyotoa, kila mara akaonja. Sasa sikilizeni, nyie mnaopika kwa kugusa kitufe: ulimi unaoonja sumu kila siku unachoka. Unazoea. Unafika mahali hauwashwi tena, si kwa sababu sumu imekwisha, ni kwa sababu ulimi umekufa. Asubuhi moja mama akaonja, akatulia, akasema, "Alhamdulillahi, zimetulia." Akazianika kidogo, akazitwanga, akasonga. Zena alikuwa amelia tangu alfajiri, sauti imebaki ya paka. Mama akampa Zena fungu lake, na nusu ya la mama mwenyewe. Mwenye njaa hana miiko, na mtoto mwenye njaa hana hata kutafuna.

Mimi nilitapika, na kutapika ndiko kulikoniokoa. Mama kichwa kilimzunguka, akaketi ameegemea ukuta. Zena hakutapika. Alianza kwa kuchekacheka kama mtu wa tembo la mnazi, kisha macho yakapanda juu, mikono ikaanza kurukaruka yenyewe. Mamkubwa akaletwa mbio. Alipoona tu akapiga ukelele: "Sikuwaambia? Wa Wazungu huyu! Ametoka kule amekuja kukaa huku!" Ubani ukachomwa. Mtoto akafunikwa shuka nyeupe, na mamkubwa akainama sikioni, akauliza kwa sauti ya kazi: "Nani wewe? Wataka nini tukupe?" Akauliza tena. Na Zena, chini ya shuka ile, kwa kile kisauti cha paka, akajibu. Alisema, "Biskuti."

Sijui lilikuwa jibu la pepo au la mtoto. Nimekaa nalo miaka yote hii na bado sijui. Mama alinyanyuka, kichwa bado kinamzunguka, akakimbia pwani, na mimi nyuma yake. Alipofika kwenye mahema akasimama mbali, kwa adabu, akamwita mpishi. "Baba Petro, pepo wenu amemkalia mwanangu. Anataka biskuti. Naomba." Petro akamkodolea macho. "Pepo gani, mama?" "Hao mnaowapunga." Akadhani anatania, kisha akaona uso wake. "Mama, hapa hakuna pepo. Sisi tunapunga pepo, huu, huu!" akawa anajipepea na kitambaa cha mezani. "Hewa, mama! Hewa tu!" Mama akarudia taratibu, kama mtoto wa chuo cha Kurani: "Upepo." "Ee, upepo. Si ndiyo hivyo nilisema?" Akamtilia biskuti kwenye pindo la kanga, nyingi, kwa moyo mzuri. Ndani ya kibwawa, mahali pa jiwe letu, mwanamke wa Kizungu alituona tumesimama, akatabasamu, akainua mkono akatupungia.

Mimi shule sikusoma, darasa la kujua jina langu tu. Lakini herufi u naijua. Nikiiona kwenye vibao naiona kama kikombe kitupu.

Tulipofika nyumbani ubani ulikuwa umezimika. Biskuti zile hakuna aliyezila. Mama alizifungua kutoka kwenye kanga akaziweka kizingitini, na sisimizi wakazibeba moja moja mpaka zikaisha, wakati watu wanachimba kaburi. Mamkubwa hadi anakufa alisema ni pepo. Mama hadi anakufa hakumbishia. Walipikiana, walisukana, walizikana, na neno lile lilikaa katikati yao kama mgeni asiyeondoka. Mwaka uliofuata mvua zilinyesha, na Petro akarudi na lori lake. Alitafuta wanawake wa kufua mashuka ya wageni, malipo unga na sukari. Akaja mpaka kwetu, akavua kofia. Mama alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua uso. "Siendi. Mwenye kupunga na apunge, mie siendi." Wenzake walikwenda, wakala sukari. Sie hatukula.

Nimezaa saba, nimewasomesha kwa mihogo ya kukaanga barabara ya Kilwa, na sijawahi kugonga mlango wa mtu kuomba chumvi. Hayo nayasema kwa kifua mbele. Lakini ukiniuliza kipi kimepona tangu mwaka ule, nitakudanganya nikikitaja. Msitu umekatwa ukawa mkaa, na mkaa umeshakuwa majivu. Ndiga hakuna, wala anayejua kuzichimba. Kijito kimewekewa ukuta. Nilikwenda kwetu mara moja, kwenye maziko ya binamu, nikamtafuta Zena. Mahali pa makaburi ya zamani nilikuta uzio na nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha mtoto, na askari wa getini kijana mpole akaniambia, "Shikamoo bibi, huku ni kwa wageni." Nikamwambia marahaba, nikarudi. Vitukuu vyangu vinamwaga ugali jalalani, nami namshukuru Mungu kwa ugali huo wa kumwagwa, na shukrani hiyo hainiteremki kooni.

Juzi Rehema, mjukuu wangu mwenye kazi nzuri, alinikalia ubavuni na simu yake. "Bibi, tazama, ni kwenu hapa. Kuna mambo ya kufanya mpaka utachoka mwenyewe." Akanionyesha: kuogelea, kulala juani, boti ya kwenda kisiwani kuokota makombe, kutembea kwenye vimiti vilivyobaki kutazama ndege, jioni muziki. Yale yale. Hawakuongeza hata moja. Kwenye picha moja kulikuwa na kibwawa chenye maji ya buluu, yamesimama, na pembeni sinia la chai. "Bibi jamani, umeshazeeka, hujapumzika hata siku moja. Twende Jumamosi ukapunge upepo." Kalitamka vizuri, herufi zote, maana kamesoma. Nikamtazama yale meno yake ya mbele yaliyotoka, ya kwetu yale. Nikamrudishia simu yake.

"Siendi. Mwenye kupunga na apunge, mie siendi."