Kisu cha Ndama

Mama Kinu hakuogopa damu. Kila asubuhi gari la machinjioni lilimletea ndoo ya matumbo ya ndama, bado yana moto, naye aliyapasua kwa wembe toka juu mpaka chini, akayaosha mavi, akakwangua ukuta wa ndani mpaka ute wote ukatoka. Ute akautia kwenye barafu, kisha akauponda kinuni. Ndiyo kazi iliyompa jina. Wasomi wa makoti meupe walikuwa tele mle maabara, lakini mpondaji mmoja tu, na aliyethubutu kuugusa mchi wake alikiona cha mtema kuni.

Walichokitafuta ni kimeng'enya, yaani kile kitu cha mwilini kinachoikata sukari ya maziwa vipande viwili ili ipate kuingia kwenye damu. Isipokatwa haipiti. Inateremka utumboni, inachacha, inageuka upepo na kuhara. Jina lake la kitabuni lilikuwa refu kama treni, basi pale kila mtu alikiita kisu. "Kisu kipo?" "Kipo, ila butu." Ule ute waliudondoshea dawa isiyo na rangi, na ikigeuka manjano, kisu kinakata.

Kila kiumbe na kisu chake. Cha ndama kimepigiliwa ukutani mwa utumbo, hakitoki bila kukwanguliwa. Cha ng'ombe aliyekomaa ukikitafuta, dawa karibu haigeuki, maana akishaacha kunyonya mwili unamnyang'anya. Chachu inayoota kwenye maziwa ina ganda gumu, husagwa na mchanga wa kioo mpaka ipasuke. Vijidudu vya tumboni kisu chao kimeungwa vipande vinne, na ukivitenganisha hakuna hata kimoja kinachokata. Cha ukungu ndicho sugu, kinafanya kazi hata penye uchachu. Mama Kinu aliviponda viumbe hivyo vyote, vyenye uti wa mgongo na visivyo nao, na akirudi nyumbani analala fofofo.

Kilichomkosesha usingizi ni mwanawe wa pekee. Walimwita Kimya, na kweli maneno yake ungeyabeba kiganjani. Aliolewa na mchomelea vyuma, watu wakimwita Fundi, mwanamume mwenye mikono mizito na masikio mepesi. Mtoto wao alikuwa na miaka mitano. Siku za karibuni kila akinywa kikombe cha maziwa alijikunja kama jongoo, tumbo limejaa kama ngoma. Fundi akasema ukoo wao hauna mtoto wa kukataa maziwa, basi Kimya aseme amezaa na nani. Akamng'oa jino kwa ngumi. Kisha akaapa: "Akiumwa tena tumbo, wewe nakuzika."

Mchana mmoja Kimya akapiga simu maabara, analia. Mtoto kanywa maziwa kwa jirani, tumbo limeanza.

"Tulia, mwanangu," Mama Kinu akamwambia. "Huyo si mgonjwa. Hana kisu tumboni, basi. Achana na maziwa mabichi, mpe ya mgando. Wale wadudu wa mgando wana kisu chao, watamkatia wao."

Kule nyumbani Fundi alikuwa amesimama mlangoni, na simu ya Kimya ilikuwa ya kupaza sauti.

Mama Kinu akasikia: "Kisu tumboni? Mnapanga kumkata mwanangu?" Kisha kishindo, na kelele ya Kimya. Akaacha barafu iyeyuke, matumbo yaoze yakitaka, akaubeba mchi na kutoka mbio.

Alipofika, majirani wamejaa kwenye ngazi. Ndani, Kimya yuko chini, damu puani, mtoto kajibanza nyuma ya kabati. Fundi kashika nondo.

"Mkwe, weka chini hiyo nondo."

"Nimesikia kwa masikio yangu, mama! Kisu!"

"Kisu ni jina la kazi, kichwa maji we! Inakatwa sukari, hakatwi mtoto."

"Unanifanya mjinga?"

"Sijakufanya. Nimekukuta tayari."

Mlangoni wakacheka. Mama Kinu akaona kikombe cha maziwa mezani, akakisukuma mbele. "Kunywa basi, mwanamume wa ukoo wa maziwa. Toka harusi mpaka leo sijakuona ukiyagusa."

"Maziwa ni ya watoto."

"Muongo!" akadakia jirani. "Si juzi ulikunywa chai ya maziwa kwangu, ukashinda chooni unagonga ukuta?"

"Umeona?" Mama Kinu akasema. "Mtoto ni wako mpaka kwenye utumbo. Kakurithi wewe, na mke umempigia damu yako mwenyewe."

Wakaangua kicheko hadi chini ya ngazi. Angejua kunyamaza hapo ingekuwa heri, lakini Mama Kinu hakuzaliwa na breki. Fundi akarusha nondo, mkono wa kuume wa Mama Kinu ukavunjika kwenye kifundo, mchi ukaanguka. Fundi akamrukia, akamkaba koo ukutani mpaka macho yakamtoka. Majirani wakarudi nyuma, mashujaa wa kucheka.

Kimya akainuka. Akauokota mchi kwa mikono miwili. Pigo la kwanza lilitua begani mwa Fundi, mfupa ukalia kama kuni kavu. La pili lilitua gotini, Fundi akaanguka chali. Mara ya tatu mchi ukapanda juu, ukielekea kichwani.

"Basi, mwanangu!" Sauti ya Mama Kinu haikuwa na nguvu, koo limevimba. "Huyo ukimmaliza, wewe unafungwa, na huyu mtoto atalelewa na nani?"

Mchi ulikaa hewani. Kisha Kimya akautupia kitandani, akamvuta mtoto kutoka nyuma ya kabati, akambeba mgongoni na kutoka, bila kuchukua nguo, bila viatu, bila kugeuka.

Majirani wakapisha, Mama Kinu akafuata nyuma. Katikati ya ngazi mtoto akauliza:

"Bibi, baba amekufa?"

"Hajafa. Husikii anavyotukana?" Mama Kinu akaushika vizuri mkono wake uliovunjika. "Mama yako ateremke polepole, hizi ngazi zina maji."