Muuza Mikate na Sajenti Dale

Asubuhi ile Sajenti Dale alitoka kununua mikate kama kawaida. Kizuizi chetu cha barabarani kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye duka la mikate, katika mji mmoja wa Iraki, na mimi, askari mwenzake, nilikuwa dereva wake. Nilikuwa nimemfundisha neno moja la Kiswahili, asante, naye, mtu wa Texas asiye na haya, siku moja akaenda nalo moja kwa moja kwa mwenye duka. Mzee wa watu hakuelewa kitu, lakini alicheka hadi akashika tumbo. Toka siku hiyo wakawa wanaamkiana kwa asante, Mmarekani na Mwiraki, huku mimi, Mrundi niliyezaliwa kambini Kigoma, nimekaa kwenye usukani nawacheka.

Asubuhi ile risasi ya kwanza ilitoka juu ya paa.

Dale alianguka na mikate mkononi.

Tukajibu. Tulipiga paa, tukapiga madirisha, tukapiga duka. Na mimi nilipiga.

Kulipotulia, mzee alikuwa amelala nyuma ya meza yake, unga umemwagika kifuani. Hakuwa na silaha yoyote. Dale naye hakufika hospitali.

Sasa naishi St Marys, hapa Sydney, nahudumia wazee wasiojiweza. Nilimfuata mume huku, lakini uraia wangu wa Marekani ninao, na haki ya Mungu siuachi. Nchi ile ilitutoa kambini mimi na mama, ikanipa shule, ikanivalisha buti, nikaapa. Ila ukitaja Marekani hapa kila mtu ana lake la kusema. Kazini wananiuliza eti wiki hii tumempiga nani tena, utadhani naombwa ruhusa mimi! Nawajibu. Sijaumbwa kunyamaza.

Aliyeniweza ni Mama Godeliva. Kila mwaka Warundi tunakusanyika Macquarie Fields, hapa hapa Sydney, kuwataja wetu waliokufa vitani. Unasimama, unataja jina, anayeongoza anauliza, "Ni wa nani?" Ndugu wanaitikia, "Ni wetu." Mama Godeliva ndiye anayeongoza, na wanaume watatu wa nyumba yake wamo katika majina hayo. Nilimpigia simu nikamwomba nimtaje Dale.

"Konsolata mwanangu," alisema, "pale tunawataja waliouawa. Hao Wamarekani wako ndio wanaoua."

"Mama, huyu alikwenda kununua mikate!"

"Na aliyemuuzia yuko wapi?"

Nikakata simu, nimeshikwa na hasira. Kisha nikaona aibu. Miaka yote hiyo nilikuwa nasimulia kisa kile na kuishia pale Dale alipoanguka.

Jumamosi nilikwenda vivyo hivyo. Zamu yangu ilipofika binti yangu alinivuta mkono, akaniambia kwa Kiingereza chake nikae chini. Nikasimama.

"Sajenti Dale."

Mama Godeliva alinitazama. Kisha akauliza kama anavyowauliza wote, "Ni wa nani?"

"Ni wangu."

Nilijivunia kumtaja, na mpaka leo najivunia.

Sikuketi.

"Na muuza mikate. Jina lake sikuwahi kumuuliza."

Mama Godeliva akauliza tena:

"Ni wa nani?"

Ndugu zake wa kumwitikia hawakuwepo. Ningeweza kusema ni wa Mungu, tukaendelea na mengine. Lakini kama mimi ni Mmarekani kwa Dale, basi ni Mmarekani kwa huyu pia.

"Ni wangu," nikasema. "Tulimuua sisi. Na mimi nilipiga."

Mama Godeliva alifungua daftari lake la majina, akaandika polepole, mistari miwili.

"Mwakani," alisema bila kuinua macho, "umtangulize huyo wa mikate."

Ndivyo ninavyofanya.