Sufuria Moja kwa Mama Mkwe

Wiki iliyopita unga wa mahindi uliadimika mjini Kisii. Kwenye kaunta ya duka moja la Wahindi, mama mmoja aliyenitangulia alikuwa akibonyezabonyeza mfuko wa dengu bila kuununua.

"Mama mkwe anakuja leo kutoka Ekerenyo," alisema, "na nyumbani nimebaki na unga kikombe kimoja. Akirudi aseme nilimlaza njaa, nitaficha wapi uso?"

Mwenye duka, mama wa Kihindi wa makamo, alizungusha mkono hewani kama anayekoroga. "Mama, weka yote sufuria moja. Mchele, dengu, viazi, kitunguu. Watu sita nashiba kabisa."

Akanunua. Jana niliwakuta tena pale pale, mwenye duka akimhoji.

"Alikula?"

"Sahani mbili, na kijiko akaramba. Kisha akanyoosha mikono nimnawishe, akauliza kama chakula kimekaribia."

Mwenye duka alishika kichwa. "Ukafanya nini?"

"Nikasonga ule unga. Ugali ulitoka kama ngumi ya mtoto. Akaula, ule wali uliobaki ukawa mboga, akanishukuru, akasema sasa amekula."

Tulicheka wote watatu, ila mimi ndiye niliyenyamaza kwanza. Jumamosi nilitoka harusini Tabaka nimekula pilau mpaka nikalegeza mshipi, na nilipofika nyumbani neno langu la kwanza lilikuwa kumwuliza mke wangu kama kuna ugali.