Tuliofuturu kwa Kengele ya Msiba

Nimerudi Igowole mwezi wa sita, kwenye nyumba aliyoiacha bibi, mzaa baba, na cha kwanza kunipokea ni baridi. Kama hujawahi kuishi Mufindi huwezi kujua. Maji ya ndoo alfajiri yanauma vidole kama yana meno. Nilitia mkono nitawadhe, nikautoa, nikarudi kitandani. Sala ikapita hivyo, na sikuwa mgonjwa.

Ndugu yangu, nilikuja kwa ajili ya hilo hilo. Sikuja kulima. Mwaka jana shimo la dhahabu lilitufunika kule Makongolosi. Wenzangu watatu walibaki chini, mimi nikatolewa siku ya pili. Mle gizani nilimwahidi Mungu sala tano kila siku mpaka nife. Nilishika wiki mbili. Zikawa sala tatu, ikawa moja, ikawa Ijumaa tu, na Ijumaa yenyewe nikiamka vizuri. Usiniulize nilikuwa najionaje. Nikasema labda nikirudi nilikofundishwa, hamu itarudi. Sasa nina wiki tatu hapa, na moyo umekaa kama jiwe la kusagia.

Nilipokuwa mtoto hapa, tulikuwa nyumba nne tu za Waislamu. Wengine wote walikuwa Walutheri na Wakatoliki, watu wa shamba kama sisi. Msikiti ulikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi, hakina spika, na adhana yake haikufika hata kwenye kona ya barabara. Kwa hiyo bibi alikuwa na saa zake. Alasiri ilikuwa pale wachuma chai wanaporudi kutoka mzani, wanapiga soga barabarani. Magharibi aliangalia jua. Ila msimu wa ukungu, ambapo jua huna habari nalo siku nzima, alisikiliza kengele ya Walutheri, maana mzee wao wa kanisa aliigonga kila siku giza linapoanza kuingia. "Jua lao ndilo jua letu," alisema bibi.

Alfajiri ndiyo ilikuwa tamu. Bibi aliamka kabla yetu, akawasha kuni za miti ya miwati, akapasha maji kwenye debe. Alinimiminia mwenyewe kwa kikombe cha bati, mikono, uso, mpaka miguu, huku moshi unanitoa machozi. Kisha tunasali, kisha uji wa ulezi. Niliipenda sala kwa sababu ya yale maji. Mchana aliniuliza "Umesali?" kwa sauti ile ile ya kuuliza umekula.

Basi, Ramadhani moja iliangukia kwenye ukungu. Nilikuwa na miaka kama kumi na hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kufunga mpaka jioni. Bibi alikuwa amechemsha viazi na maharage. Kengele ikalia. Akasema bismillahi, tukala. Mimi kiazi cha pili, naona kengele haikomi. Inalia moja, inanyamaza, inalia moja.

Jirani yetu, mama mmoja Mlutheri, akapita mlangoni na kanga begani. "Kamwene, jamani. Mmesikia? Mwenye mashine ya kusaga amefariki." Halafu akaona sahani. "Na ninyi si mmefunga?"

Bibi aliweka kiazi chini taratibu. Kwanza akampa pole ya msiba. Jirani alipoondoka ndipo akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Haya, mjukuu wangu, tumefuturu kwa maiti. Siku hii moja tutailipa. Ukungu ni wa Mungu, ameuona."

Ingeishia hapo. Kosa langu ni kwamba niliihadithia madrasa, nikitaka wenzangu wacheke. Mwalimu wetu wa madrasa hakucheka. Alinilaza kwenye benchi mbele ya watoto wote, akanichapa mpaka fimbo ikakatika, akasema, "Wewe na bibi yako mnaswalishwa na kanisa. Hizo sala zenu ni mazoezi ya viungo." Akamwita baba. Na baba, mtu mzima na ndevu zake, aliitikia kila neno, akaja nyumbani akamkataza mama yake mzazi kunifundisha dini.

Nawataja wazi: mwalimu yule, na baba. Wamekufa wote na bado sijawasamehe. Toka siku ile nilisali kwa kuogopa fimbo, na fimbo ilipoisha na sala ikaisha. Wa tatu ni mimi. Nilipoota ndevu nilikuwa natoka kwenye ulanzi, bibi ananiuliza kama nimesali, namjibu ndiyo huku pombe inanuka. Siku moja akaacha kuuliza.

Jana yule jirani, sasa bibi kizee, alikuja na fimbo yake ya kutembelea.

"Kamwene, baba. Nasikia umekuja kusali."

"Nimekuja, mama. Ila hamu sina."

"Hamu?" Alinitazama kama nimesema kitu cha kitoto. "Mimi namkamua ng'ombe na baridi hii. Unafikiri nina hamu naye? Mwenyewe anapiga mateke."

Nikacheka, sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Naye akaongeza, "Bibi yako alikuwa mvivu wa asubuhi kuliko mimi. Mpaka mimi kwangu nilimsikia akimtukana paka. Siku nyingine analia kabisa, anasema leo siamki. Halafu anaamka."

Hilo sikulijua. Miaka yote hii nilidhani yeye alizaliwa na hamu ya kusali.

Bibi amelala kaburini nyuma ya nyumba sasa, na zile nyumba nyingine tatu zimehamia Mafinga. Chumba cha msikiti kinawekwa pumba za mahindi. Hapa nikisali au nisiposali, hakuna binadamu atakayejua. Leo mchana nilisali adhuhuri, sikusikia chochote moyoni, rakaa ya tatu nikaisahau, nikaanza upya.

Alasiri imeingia. Sina hamu nayo hata kidogo. Naenda kutawadha.