Mzee wa Ovaroli

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye shule moja ya sekondari karibu na Usagara, mkuu wa shule alinikabidhi chaki na onyo: "Fasihi usiifanye ngumu, Mwalimu. Mhusika ni mwema au mbaya. Wakikariri, watafaulu." Niliitikia kwa adabu, kisha nikafundisha nilivyojua. Ubishi nimezaliwa nao.

Miaka ya tisini nilihamishiwa Mwanza mjini, viwanda vya umma vikiuzwa na watu wakipunguzwa kazini. Kidato cha tano tulisoma riwaya moja yenye mzee aliyeachishwa kazi, lakini kila asubuhi anavaa ovaroli na kuaga kwamba anakwenda kiwandani. Darasa zima likamhukumu: mwongo! Nikawafundisha uhakiki wa kisaikolojia, yaani kuchimba yale ambayo mhusika mwenyewe hajui kwamba anayo moyoni. Kuna kitu tunakiita ukandamizaji: akili hulisukuma chini jambo lisilobebeka, nalo hurudi kwa mlango wa nyuma, limevaa sura ya mazoea. Basi tukaacha kuuliza mzee ana kosa gani. Tukauliza: akivua hiyo ovaroli, anabaki nani?

Mwalimu wa taaluma alikuwa dirishani. "Mama, hawa wanatafuta cheti, siyo uganga."

"Hata mganga huanza kwa kuuliza," nikamjibu. Akaondoka anacheka.

Ambaye hakucheka ni Nyamizi, mwanafunzi wangu wa darasa hilo, binti wa mtaa wa Igogo. Alinifuata ofisini. Baba yake naye alipunguzwa, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na bado kila asubuhi alipiga pasi ovaroli yake akatoka. Majirani walimcheka. Kwa aibu, Nyamizi akaacha kumwamkia. Kwetu, kumnyima baba yako shikamoo ni kumzika angali anapumua. Niliumia.

"Mwalimu, nikimwambia ukweli atapona?"

"Dawa sina, mwanangu, mimi ni mtu wa vitabu. Ila mzee wa riwaya umemsoma vizuri. Huyu wa nyumbani, ukimnyima shikamoo, anabaki nani?"

Sasa nimestaafu, nipo Butimba na kuku wangu. Walimu vijana wakiniuliza uhakiki huu unafaa nini nje ya mtihani, nawapa maneno ya Nyamizi aliporudi kwangu siku iliyofuata:

"Nilimkuta anapuliza pasi ya mkaa. Nikapiga goti, nikasema, shikamoo baba. Aliacha kupuliza, Mwalimu. Halafu akaitikia marahaba, akaiweka pasi chini, akaniambia, 'Leo siendi.'"