Kushoto, au Amebaki?

Harufu ya petroli ikichanganyika na mafuta ya kuzuia jua hunirudisha Utende, kwenye boti ya Mjomba Shomari, likizo nilipokuwa darasa la tano. Mjomba alikuwa akiwapeleka wageni kwenye fungu la mchanga katika Ghuba ya Chole, ambalo maji yakijaa hufunikwa lote. Kwa kuwa shuleni nilisifiwa kwa Kiingereza, alinichukua niwe mkalimani wake. Nilivimba kichwa, ingawa Kiingereza changu kilikuwa cha salamu na cha gwaride.

Siku moja ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji yalipanda haraka. Boti ya kwanza, ya mwenzake Mjomba, ilikwisha kuondoka na baadhi ya wageni, nasi tukafuata na wengine. Tukiwa mbali kidogo, mama mmoja wa Kizungu, mwenye mvi, alinishika mkono kwa nguvu.

“Sister! Left! Left!”

“Anasemaje?” Mjomba aliuliza.

“Kushoto, Mjomba.”

Akakata kushoto. Yule mama akapiga ukelele, akatikisa kichwa, akarudia neno lile lile huku machozi yakimtoka.

“Mwanaidi, huku kuna miamba,” Mjomba alisema, sauti imembadilika. “Muulize vizuri!”

Maneno yote niliyoyajua yalinikimbia. Ndipo yule mama alipopigapiga nafasi tupu kwenye benchi, kando yake, nami nikamkumbuka mwalimu wetu wa hesabu aliyependa kutuuliza kwa Kiingereza: ukila maembe mawili katika matano, mangapi yatakuwa “left”?

“Mjomba, dada yake amebaki! Kule funguni!”

Kila boti ilidhani amepanda nyingine. Mjomba aligeuza, mashine ikanguruma, maji yakaturukia usoni. Tulipofika, mchanga haukuonekana tena. Dada yake yule mama alikuwa amesimama maji ya kifua, akiyumba kila wimbi lilipompiga. Mjomba alijitosa na nguo zake, akamshika. Tulipompandisha, dada wale walikumbatiana.

“Alhamdulillahi,” Mjomba alisema.

Baadaye nilijifunza kwamba neno “left” lina maana pia ya kuondoka. Aliyekwenda na aliyebaki wanagawana neno moja. Leo mimi ndiye ninayewaongoza wageni, na simu zao hututafsiria kila kitu. Hata hivyo, sikubali mashine iwashwe mpaka niwe nimewatazama nyuso zao, mmoja mmoja, nikauliza kwa sauti, “Tumetimia?”